Namba Iliyokatwa kwa Mkasi

Maktabani, 4 Februari

Mdogo wangu Nyundo,

Nakuita Nyundo, nami nitasaini Taa, kama tulivyo kwenye gemu yetu ya Walinzi wa Daraja, ili matroni akifungua barua zetu asijue ni nani analalamika. Simu hapa shuleni ni marufuku. Ipo ya matroni mwenyewe, lakini ukipiga anasimama kando yako akikunja mashuka kana kwamba hasikii, na mimi nikisikilizwa maneno yananikimbia. Unanijua. Basi itabidi tuandikiane kama watu wa zamani.

Mpaka leo sijaelewa Baba na Mama waligawanaje vitu. Mama kachukua mashine ya gemu, Baba kachukua runinga. Mashine bila runinga ni sanduku la plastiki, na runinga bila mashine, kwa Baba, ni taarifa ya habari tu. Nani aliona hiyo ndiyo haki? Wewe ukapewa diski ya Sehemu ya Pili na ya Tatu, mimi ya Kwanza kwa kuwa ndiyo naipenda. Ninayo hapa kwenye sanduku langu la bati, katikati ya kamusi na sweta. Wenzangu wanadhani ni muziki.

Ila kinachoniumiza kichwa ni Sehemu ya Nne. Baba alipoiweka mezani siku ile ya kuhama akasema, "Hii ni yenu wote wawili," nilifurahi mpaka nilipofungua boksi. Hamna diski! Karatasi tu yenye namba, eti uiingize mtandaoni ndipo gemu ije. Na mashine ilikuwa imeshaviringishwa kwenye blanketi, gari linanguruma nje. Ukaniuliza, "Diski tungepeana zamu. Namba tunagawanaje?" Na mimi, msomi mzima, nikaenda kuchukua mkasi wa Mama wa kushonea.

Leo nimekitazama kipande changu nikajiuliza nina nini hasa. Nusu ya gemu? Nusu ya karatasi? Sijui. Lakini kiapo ni kiapo: hakuna kunakili, hakuna kukariri, hakuna kumpa mtu. Vipande vinaunganishwa likizo ya Juni, hapo kwenu, chumba kimoja, kochi moja. Wewe unavunja mawe, mimi nakumulikia.

Umezoea huko? Mama anakula?

Dada yako,
Taa


Juu ya saluni, 17 Februari

Shikamoo Dada Taa,

Marahaba. (Nimejijibu mwenyewe maana marahaba yako itachukua siku nyingi njiani.)

Tunakaa ghorofani juu ya saluni ya kinyozi. Asubuhi mashine zake zikianza kunguruma, kitanda changu kinatetemeka, sihitaji saa. Mashine yetu iko juu ya kabati, Mama ameifunika kitambaa kama maiti. Runinga hatuna. Kwa hiyo usidhani nacheza Sehemu ya Pili huku nakucheka. Natazama majalada yake.

Lakini sikia: Kinyozi ana runinga kubwa ukutani kwa ajili ya wateja wanaosubiri, na ana Sehemu ya Nne! Nimeiona. Ni nzuri. Daraja lipo. Yule chura wa vitendawili yupo. Rangi nzuri.

Basi, ni nzuri.

Mama anakula. Anakula amesimama. Nikimwambia kaa, anasema kuna kitu anakwenda kutazama jikoni, na jikoni kwenyewe ni hatua moja kutoka mezani.

Juni utakuja kweli? Usiniambie "Mungu akipenda." Najua Mungu anapenda. Nauliza wewe.

Nyundo


Maktabani, 5 Machi

Nyundo,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama palepale: "Ni nzuri." Wewe? Wewe ambaye Sehemu ya Tatu ilipotoka ulinisimulia jiwe moja tangu chakula cha mchana mpaka Baba akakufukuza ukaoge? Kuna nini? Au umeanza kukua bila kunitaarifu?

Nieleze vizuri. Daraja linaanzia upande gani? Na Taa safari hii amevaa nini? Sehemu ya Tatu walimpa lile koti la kijani nisilolipenda, linalomfanya aonekane kama kabichi. Wamembadilishia? Taa yenyewe bado ni ya mafuta, au wamempa ya kisasa?

Jambo lingine. Jana nimekigeuza kipande changu nikaona nyuma kuna maandishi madogo kama mayai ya chawa. Tulipokata tuliyakata nayo, kwa hiyo kila mstari unaishia hewani. Wa kwanza: "Namba hii si mali ya." Si mali ya nani? Wa pili: "Mtumiaji anakubali kwamba." Nimekubali nini? Wa tatu ndio unaonitisha: "Lazima iandikishwe kabla ya tarehe," kisha mkasi. Tarehe iko kwako. Tafadhali geuza chako uniandikie neno kwa neno.

Kuhusu Juni, usiwe na wasiwasi.

Dada yako,
Taa


Juu ya saluni, 19 Machi

Shikamoo tena,

Dada, bahati mbaya nilimwaga chai. Maandishi ya nyuma yamevimba, hayasomeki. Ninachoona ni "kampuni," halafu "wakati wowote," halafu "bila." Bila nini, chai imekunywa. Tarehe siioni. Nadhani iko mbali sana. Kampuni kubwa kama ile haiwezi kuwa na haraka na watoto.

Taa amevaa vizuri.

Daraja linaanzia kushoto.

Sasa zamu yangu. Umesema nisiwe na wasiwasi kuhusu Juni. Mtu akiniambia nisiwe na wasiwasi, ndipo ninapoanza kuhesabu siku. Baba amekubali au hajakubali? Jibu ni neno moja, na wewe una kamusi nzima.

Nyundo


Maktabani, 2 Aprili

Kwa Dawati la Wateja,

Mimi ni mwanafunzi. Naandika kwa barua pepe ya mwalimu wetu wa kompyuta, aliyekubali kunisaidia baada ya mimi kusimama mlangoni kwake kipindi kizima cha mapumziko nikishindwa kuanza kusema.

Baba yetu alitununulia mimi na mdogo wangu Walinzi wa Daraja, Sehemu ya Nne. Kwa sababu za kifamilia sasa tunaishi mbalimbali, hivyo tuliikata karatasi ya namba kwa mkasi, kila mtu nusu. Naomba kuuliza: Kwa sasa, mwenye gemu ni nani? Ni mimi, ni yeye, ni sisi sote, au ni Baba? Kama si yeyote kati yetu, Baba alinunua nini? Na tarehe ya mwisho ya kuiandikisha ni lini? Ya kwetu imemwagikiwa chai.

Samahani kwa maswali mengi.

Wenu,
Taa na Nyundo


Dawati la Wateja, 29 Aprili

Mteja wetu mpendwa Taanyundo,

Asante kwa kuwa mmoja wa familia yetu! Tunafurahi unapofurahi.

Namba iliyomo ndani ya boksi haikufanyi mmiliki wa gemu. Inakupa ruhusa ya kuitumia, ruhusa ambayo kampuni inaweza kuibadilisha au kuiondoa wakati wowote bila taarifa. Ruhusa ni ya mtu mmoja, kwa akaunti moja. Haigawanywi, haiazimwi, haihamishwi na hairithiwi. Tarehe ya mwisho ya kuandikisha imechapishwa wazi nyuma ya karatasi, nayo ni 31 Mei. Baada ya hapo namba haitafanya kazi.

Kuhusu mkasi, hatuna mwongozo.

Tunapenda pia kukujulisha kuwa Walinzi wa Daraja, Sehemu ya Tano, iko njiani, ikiwa na daraja jipya kabisa!

Swali lako limefungwa kama: LIMETATULIWA.


Maktabani, 11 Mei

Nyundo,

Humu ndani nimekuwekea jibu la kampuni, mwalimu wa kompyuta kanichapia. Wanatuita Taanyundo. Ningekuwa na moyo wa kucheka ningecheka.

Tarehe ni 31 Mei. Likizo inaanza katikati ya Juni. Kwa hiyo siku tutakayokaa kwenye kochi moja, namba itakuwa imeshakufa. Na kampuni inasema tarehe imechapishwa wazi. Wazi! Chai gani hiyo inayoacha "kampuni" na "wakati wowote," halafu inachagua kufuta tarehe peke yake?

Uliijua. Nimejaribu kutafuta sababu nyingine, nimeikosa. Ulijua namba itakufa kabla sijafika ukanyamaza. Na "ni nzuri," na "Taa amevaa vizuri," kama mtu anayemjibu mgeni mlangoni bila kumkaribisha. Ukitaka kuniambia umechoka kucheza na mimi ungesema tu. Wewe una Kinyozi na wateja wake sasa, watu wanaoongea. Mimi kwenye chumba chenye watu wengi ni kama pazia. Ninaelewa. Yaani, sielewi, lakini ninajaribu.

Na mimi nina langu. Ulitaka neno moja. Neno la Baba ni "Tutaona." Nilimwuliza Januari, nikamwuliza Machi, na mara zote mbili alisema "Tutaona" huku akitazama kitu kingine. Sikukwambia kwa sababu nilidhani tulipokata ile karatasi tulijifunga, kwamba hata wakubwa wakisemaje, kuna kitu changu kwako na chako kwangu, lazima tu siku moja vikutane. Ndiyo maana sikutaka kukutumia kipande changu. Haikuwa kwa ajili ya gemu.

Sasa nakutumia. Kiko ndani ya bahasha hii. Wahi kabla ya tarehe, muombe Kinyozi akuonyeshe jinsi ya kuandikisha. Cheza. Nitakumulikia siku nyingine.

Dada yako


Juu ya saluni, 11 Mei

Dada Taa,

Shikamoo. Sijasubiri barua yako. Nimeshindwa kulala na uongo, unawasha kuliko kunguni.

Hakuna chai iliyomwagika. Wiki ile hata sukari hatukuwa nayo, chai ya nani? Tarehe ni 31 Mei. Niliiona siku ileile uliponiuliza. Nikafikiri: nikimtajia, ataona likizo iko mbali, atanitumia kipande chake ili gemu isipotee, maana ndivyo ulivyo, hata penseli fupi hutupi. Na kipande kikija, wewe huji. Nikaona heri namba ife, wewe uje.

Lakini si hilo tu. Nikwambie lile lingine, nami naliandika upesi kabla sijaogopa.

Hakuna Taa.

Sehemu ya Nne hakuna Taa. Nilidhani anatokea mbele. Nikakaa saluni siku nzima, mpaka Kinyozi akanitania, "Wewe nywele zako zinaota unapokaa hapo?" Nikamwuliza, "Yule dada wa taa yuko wapi?" Akasema, "Dada gani? Nimeimaliza yote, sijaona dada." Nyundo sasa ana tochi kichwani, Dada! Kama mchimba mgodi. Anajimulikia mwenyewe. Ukitaka kucheza na mwenzako, basi mwenzako awe na mashine yake, na runinga yake, na namba yake, kwao. Kochi moja hawaruhusu.

Na vingine vyote ni vilevile. Daraja linaanguka palepale. Mawe yaleyale, wameyapaka rangi tu. Chura anauliza kitendawili kilekile, na jibu bado ni kivuli. Mteja mmoja alijibu huku amefumba macho, povu masikioni. Wamekibakiza kila kitu kilichotuchosha, wakakutoa wewe.

Uliponiuliza amevaa nini, ningejibuje? Nikuandikie kwamba umefutwa? Baada ya mwaka huu?

Kwa hiyo nakutumia kipande changu. Mwalimu wenu wa kompyuta anaweza kuiandikisha namba kwa jina lako, hata bila mashine. Iwe yako. Angalau mahali fulani kwenye kompyuta zao iandikwe jina lako, wasiseme hukuwahi kuwepo.

Nyundo


Juu ya saluni, 23 Mei

Dada,

Nimefungua bahasha yako, kikaanguka kipande. Nikafurahi nikidhani umenirudishia changu. Kisha nikaona ni CHAKO. Na changu kiko kwako!

Nimekaa kitandani nikipiga hesabu kama mjinga. Mwanzoni nilikuwa na nusu ya mwisho, wewe ya mwanzo. Sasa nina ya mwanzo, wewe ya mwisho. Tumelipa stempu mbili kubaki palepale. Nikikurudishia haitafika kabla ya tarehe. Nikikariri na kukuandikia, ni vilevile, posta ni posta. Na kwenye simu ya matroni, wewe mbele yake hata jina lako hulisemi. Na mimi kama kawaida nilishika kiapo, changu sikukikariri kabla ya kukutumia. Wewe je? Usinijibu. Nakujua.

Nimeshuka kumweleza Kinyozi. Alikuwa na mteja kitini, amemnyoa upande mmoja tu wa kichwa. Kacheka mpaka akaweka mashine chini, mteja analalamika, "Bwana, nimalizie kwanza, mimi nina harusi!" Alipotulia akasema hata yeye Sehemu ya Pili aliinunua mtandaoni, siku moja akawasha, haipo. Kauliza, wakamwambia asante kwa kuwa mmoja wa familia. Akaniuliza, "Hiyo familia yao huwa wanakutana wapi?"

Sasa sikia vizuri maana nitasema mara moja tu, mimi si mtu wa kusema hivi. Sijachoka kucheza na wewe. Wewe si pazia. Gemu hiyo siitaki. Wakinipa na boksi la dhahabu siitaki. Nataka uje.

Halafu kuna jambo sijui nilielezeje. Mama alinikuta na kipande chako mkononi, akauliza ni nini. Nikamweleza yote, na mkasi. Akauliza, "Mkasi wangu wa kushonea?" Nikasema ndiyo, nikangoja anigombeze kwa kukatia karatasi. Hakugombeza. Akakaa. Alikaa kabisa, kwenye kiti, sahani ya chakula mbele yake. Akasema, "Kwa hiyo muda wote huu hamna mahali pa kucheza hata zile za zamani?" Nikamwambia Mama, mashine iko hapa, runinga iko kwa Baba, na Sehemu ya Kwanza iko kwenye sanduku la bati shuleni. Akarudia polepole, kama anahesabu watu kwenye picha.

Kisha akachukua simu akatoka kwenye ngazi, akafunga mlango. Sikusikia alichosema, mashine za Kinyozi zilikuwa zinanguruma. Nilisikia neno moja tu: "runinga." Alisema mara kadhaa.

Sijui ni vizuri au ni vibaya. Wewe unayesoma vitabu, niambie.

Nyundo


Maktabani, 6 Juni

Mdogo wangu Nyundo,

Vitabu havisemi. Nimetafuta.

Namba imekufa. Tarehe 31 Mei nilikwenda kwa mwalimu wa kompyuta na kipande chako, nikitumaini labda nusu inatosha kwa nusu. Akajaribu kwa kunihurumia. Kompyuta ikaandika: "Namba haijakamilika." Tukaitazama sote wawili. Akasema, "Pole." Nikasema, "Asante," nikaondoka, na cha ajabu sikuwa na huzuni. Au nilikuwa nayo lakini si kwa ajili ya ile namba. Kuhusu Taa kutolewa nililia kidogo chooni, nisikufiche. Kisha nikafikiri, koti lile la kijani nalo limetoka.

Kipande chako sijakitupa. Nimekitia ndani ya jalada la diski.

Sasa nikusimulie. Jumapili ilikuwa siku ya wazazi kututembelea. Baba akaja. Tulikaa kwenye benchi lile karibu na bomba, kama kawaida yetu, yeye anatazama viatu vyake, mimi vyangu. Nilikuwa nimejiandalia hotuba nzima kuhusu Juni, nimeiandika hata pembeni mwa daftari. Yeye ndiye aliyeanza.

"Mama yenu alinipigia."

Nikasema, "Eh."

"Anasema ile mashine inataka runinga yangu."

"Ndiyo, Baba."

"Si wachukue ya jirani?"

"Matundu ya waya hayaingiliani. Inataka ileile ya kizamani, yenye mgongo."

"Na hiyo ya kwenye karatasi niliyowanunulia?"

Nikamweleza. Nikamweleza mpaka tochi kichwani. Hakuelewa, kila mara akiniuliza, "Lakini mimi si nililipa dukani? Si nilipewa boksi?" Nikamwambia ndiyo, Baba, boksi ni lako. Akatikisa kichwa muda mrefu. Akasema, "Nilitaka muwe na kitu kimoja ambacho si cha kugawana."

Bomba lilikuwa linadondosha maji, tukalisikiliza.

Kisha akauliza, "Shule inafungwa lini?" kana kwamba hajui. Nikamtajia. Akasema atakuja na gari la rafiki yake lenye nafasi nyuma, anipakie mimi na sanduku langu, na runinga, atulete huko kwenu. Hakusema "Tutaona." Nilisubiri aseme, hakusema. Badala yake akaniuliza waya upi unaingia wapi, akaandika kwenye kiganja chake kwa kalamu yangu: mweupe, mwekundu, njano.

Nilipomsindikiza getini nikajikaza. Nikamwuliza, "Baba, tukifika, utaingia?"

Akasimama. Nilidhani sasa atatazama kitu kingine. Akakitazama kile kiganja chenye rangi za waya.

"Runinga ile ni nzito," akasema. "Mtu haiachi mlangoni."

Sijui maana yake, Nyundo. Nimeigeuza kila upande na bado sijui, na sitaki uipe maana kubwa kuliko ilivyo, wala mimi sitaki. Lakini ondoa kitambaa juu ya mashine. Pangusa vumbi kwenye matundu. Na mwambie Mama atafute viti.

Mimi naleta diski.

Dada yako,
Taa